Wakuu, nina albamu ya kadi za wanawake wa besiboli wa Japani, niuzeje bila kupigwa?

Mzigo_wa_Hyogo
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwanafunzi huku Japani, mkoa wa Hyogo, nasoma lugha mwaka wa pili. Kuna albamu imeniangukia mkononi, ina kadi 212 za wachezaji wanawake wa besiboli. Ni vikadi vya ukubwa wa karata, mbele picha ya mchezaji, nyuma takwimu zake. Nyingi ni za ile ligi ya kulipwa ya wanawake iliyoanza kuchezwa 2010 na timu mbili tu, Kyoto Asto Dreams na Hyogo Swing Smileys, ikaja kusimama mwisho wa 2021. Halafu kuna moja ya mrushaji Eri Yoshida, ya 2009, ina saini ya kalamu ya fedha.

Naomba ushauri: niuze albamu nzima au kadi moja moja? Na saini nitajuaje kama ni yake kweli? Msinicheke, siku ya tatu leo sijalala vizuri.

Kipara wa Gongo la Mboto
Mkuu uko Japani halafu unahangaika na karata? Niangalizie Noah, ya 2008 kuja juu, isiwe na kutu chini.

Dada_Makaratasi
Mdogo wangu, kwanza acha kuzishika kwa vidole vitupu. Mimi nakusanya kadi za mpira wa miguu mwaka wa tisa huu, najua machungu yake. Kila kadi ya maana iingie kwenye mfuko wake laini, halafu kwenye kasha la plastiki ngumu. Weka mbali na dirisha, wino wa saini hufa kwa jua. Ikifika Juni huko kwenu ni mvua na unyevu, tupia ndani zile pakti za chumvichumvi zinazokuja na viatu vipya.

Kuhusu saini: kama kadi ilitoka kiwandani ikiwa imesainiwa, mara nyingi kuna maneno ya dhamana ya mchapishaji kwenye kadi yenyewe. Kama shabiki alimsimamisha mchezaji uwanjani akampa kalamu, hakuna dhamana, na bei inashuka hata kama saini ni ya kweli. Ukitaka mnunuzi akuamini, unaipeleka kwa wale wapimaji, wanaipa alama 1 hadi 10 na kuifungia. Ila ni gharama, na hawana haraka na mtu.

Kuuza nzima kunakupa usingizi. Kuuza moja moja kunakupa hela. Chagua.

Bibi Theluji
Jamani mmenikumbusha mbali. Niko Toronto. Mwaka 2025 kuna timu ya wanaume hapa, Toronto Maple Leafs, si ile ya magongo ya barafuni, hii ni ya besiboli, ilimsajili Ayami Sato. Huyo ndiye mrushaji aliyechukua tuzo ya mchezaji bora wa Kombe la Dunia la wanawake mara tatu, 2014, 2016 na 2018. Wanacheza bustani ya Christie Pits, hakuna kiingilio, mnakaa kwenye mteremko wa majani na vyakula vyenu. Nilienda na mjukuu na sambusa. Mimi sheria zenyewe sizijui mpaka leo, ila yule dada alivyonyanyua mguu kurusha, watu wote mlimani walinyamaza. Mjukuu akaniuliza, bibi kwa nini mwanamke yuko peke yake? Nikamwambia kula sambusa.

Kama una ya Sato usiiuze mwanangu.

Mwalimu Mstaafu
Vijana wa siku hizi mmetumwa kusoma mnakusanya picha za wasichana. Wenzako walirudi na shahada.

Fundi_Saa
Dada Makaratasi kashauri vizuri, ila mimi nimekwama hapa: "imeniangukia mkononi". Imeanguka kutoka wapi? Mtu aliyenunua husema nimenunua. Aliyepewa husema nimepewa.

Mzigo_wa_Hyogo
Nimeipata kazini mkuu. Tusitoke kwenye mada. Dada asante sana, pakti nimeshaweka. Ya Sato ninayo pia.

Fundi_Saa
Kazi gani inayogawa kadi?

Mzigo_wa_Hyogo
Sawa, nasema. Nafanya kibarua, si mnajua mwanafunzi huku anaruhusiwa saa 28 tu kwa wiki. Kampuni yetu inaitwa pale mtu akifariki, hasa wazee wanaoishi peke yao. Tunaingia ndani tunatenganisha: vya kuchoma, visivyochomwa, vyuma, vitabu. Jumamosi tulikuwa nyumba ya mzee mmoja. Mwanawe wa kiume alisimama mlangoni na barakoa, akasema maneno mawili, "vyote, tupeni", akarudi kwenye gari. Albamu ilikuwa kwenye mfuko wa karatasi za kuchoma. Nimeitoa kwenye TAKATAKA wakuu. Ningeiacha ingekuwa majivu saa hizi. Nimeiba nini hapo?

Kipara wa Gongo la Mboto
Huyo mzee hakuacha gari?

Dada_Makaratasi
Aah. Hapo sasa. Bosi wako anajua?

Mchungaji Msaidizi
Cha marehemu kina mwenyewe. Baba yangu alipofariki, jirani alichukua redio "isiharibike". Mwaka wa 14 huu redio inaimba kwake, na tukipita anaongeza sauti.

Mzigo_wa_Hyogo
Bosi hajui. Jana kaandika kwenye grupu letu la LINE akiuliza kama kuna aliyeona faili la bluu, familia wamepiga simu. Wenzangu wote wamejibu hawajaona. Mimi nimesoma tu, sijajibu. Lakini aliyesema vitupwe si ni familia hao hao? Mtu hawezi kutupa Jumamosi akatafuta Jumatatu.

Kaka Jabali
Wakuu, hii CHAI. Tena ya rangi, haina hata tangawizi. Ligi imeanza kuchezwa 2010, kasema mwenyewe. Halafu ana kadi ya Yoshida ya 2009. Alichezea ligi gani, ya mawinguni? Huyu yuko Mbagala na bando la usiku. Uzi wa siku tatu hauna hata picha moja. Mods fungeni.

Juma Kibiriti
🤣🤣 mimi nilishaanza kuwalilia wafiwa

Bibi Theluji
Mimi nilimwamini mpaka kwenye barakoa.

Dada_Makaratasi
Jabali, hapo umepotea njia. Yoshida hakuanzia ligi ya wanawake. Alichaguliwa na Kobe 9 Cruise mwisho wa 2008 akiwa na miaka 16, timu ya wanaume, ligi ndogo ya eneo la Kansai, akaanza kurusha 2009. Ndiyo maana kadi yake ya mwaka huo watu wanaitolea macho. Ila na mimi nataka ushahidi. Mzigo, kwenye picha kashikaje mpira?

Mzigo_wa_Hyogo
Mkono umeshuka pembeni, anarusha toka ubavuni. Vidole havijaulalia mpira, ncha za kucha ndizo zimeuchimba, kama mtu anayemenya chungwa bila kisu.

Dada_Makaratasi
Ndiyo yenyewe. Huo mpira wake unatoka bila kuzunguka, basi upepo unaupeleka unakotaka, mpigaji anabaki kupunga rungu hewani. Alijifunza kwa kumtazama mrushaji Mmarekani Tim Wakefield, na mwaka 2010 akaenda kukutana naye ana kwa ana.

Kaka Jabali
Hayo yote yapo Google. Mwambie aseme kitu ambacho Google haina.

Mzigo_wa_Hyogo
Nyuma ya kila kadi mzee kachomeka kikaratasi, kaandika kwa penseli. Tarehe, uwanja, matokeo, hali ya hewa. Nasoma kwa shida lakini nasoma. Kuna kimoja: "Mvua. Tulikuwa watu wachache. Nimerudi na mafua." Kingine hakina matokeo, kimeandikwa tu "amenipungia".

Na ukurasa wa mwisho si kadi za kununua. Zipo sita, mzee kazitengeneza mwenyewe. Picha ya kawaida imekatwa kwa mkasi, kingo zimepinda, imegundishwa kwenye karatasi ngumu. Msichana yule yule zote sita. Ya kwanza hana meno mawili ya mbele, kofia imemfunika macho. Ya mwisho amevaa jezi ya shule ya sekondari, namba 8. Nyuma takwimu zimeandikwa kwa mkono: mapigo, makosa, urefu.

Fundi_Saa
Na aliyepiga simu ofisini ni nani?

Mzigo_wa_Hyogo
Bosi kasema ni mjukuu wa marehemu. Wa kike.

Juma Kibiriti
Emoji zangu nazirudisha mfukoni.

Dada_Makaratasi
Kwa hiyo ulijua tangu mwanzo, ukaja kutuuliza saini.

Mzigo_wa_Hyogo
Dada nisikilize. Nilishaiweka Mercari, lile soko la mtandaoni la huku, kabla ya ujumbe wa bosi. Imenunuliwa, yeni 38,000, natakiwa kuituma kesho. Ada ya muhula wa mwisho imebaki pungufu kidogo kuliko hiyo. Nimefikiria hivi: ukurasa wa mwisho nautoa, nautumbukiza kwenye sanduku la barua la ile nyumba usiku, bila jina. Yeye atapata picha zake, mimi nitapata ada. Nani ameumia?

Mchungaji Msaidizi
Redio bila betri.

Mwalimu Mstaafu
Ile nyumba si mmeshatoa vitu vyote? Nani atafungua hilo sanduku?

Kaka Jabali
Mimi bado nasema chai. Lakini kama si chai, ghairi mauzo, mpelekee bosi faili zima asubuhi, sema ulilikuta chini ya mifuko kwenye gari la kampuni. Uongo mdogo, mzigo unatua. Ada tutaichangia humu, mimi naanza na elfu kumi.

Fundi_Saa
Jabali, unamchangia mtu usiyeamini yupo?

Kaka Jabali
Nimechangia harusi ngapi za watu wasiopo.

Mzigo_wa_Hyogo
Saa hizi huku ni saa nane na nusu usiku. Nimeghairi. Mnunuzi kaandika kwa adabu sana kuliko nilivyostahili. Bosi nimemjibu "nimeliona, naja nalo". Ya chini ya mifuko sijayaandika, nitaona nikifika. Jabali, kadi ya Sato niliitoa nje kidogo niiangalie. Nimeirudisha.

Kaka Jabali
Weka picha.

Kipara wa Gongo la Mboto
Poleni kwa yote. Mkuu, sasa ile Noah?