Naombeni ushauri: kujifunza Kiingereza kwa majina ya makampuni na bendi inasaidia kweli au najidanganya?

Daftari_Limejaa
Habari zenu wakuu, naenda kwenye mada moja kwa moja. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, maneno nikiyakariri asubuhi jioni yameshapotea yote. Sasa nimekaa nikagundua kumbe nina maneno kibao ya Kiingereza kichwani ambayo hata sijawahi kuyakariri, nayataja kila siku ila kama majina tu. Apple, Windows, Red Bull, Jaguar, Dove, Shell, halafu bendi kama Rolling Stones, Queen, Scorpions. Nikawaza kwa nini nisianze na haya maana kuyasahau siwezi, natafuta maana tu basi. Kuna jamaa nimemwambia kacheka mpaka machozi, eti lugha haifundishwi na matangazo ya sabuni. Nahitaji Kiingereza cha kazini, siyo cha mtihani. Nipo sahihi au napoteza muda?

Mama Kamusi
Mdogo wangu hujakosea kitu. Kazi kubwa kwenye msamiati ni sura ya neno kukaa kichwani, wewe hiyo umeshamaliza bila kujua, imebaki kuipa maana. Ila usiishie kwenye maana moja. Chukua hiyo Shell. Wengi tukisikia sheli tunaona kituo cha mafuta, hata kama ni cha kampuni nyingine kabisa, kumbe neno lenyewe ni kombe la baharini na ndiyo maana nembo yao ipo vile, ile familia ya kina Samuel kule London iliuza makombe kabla haijaingia kwenye mafuta na kampuni ikapewa jina hilo mwaka 1897. Sasa endelea hapo hapo, ganda la yai ni shell, ganda la karanga shell, gamba la kobe shell. Umeona ulivyookota mengine bure?
Halafu kuna Pampers, watu wanasema pampasi wakimaanisha nepi yoyote ile, lakini pamper ni kitendo, kudekeza. Ukisema they pamper that child unasema wanamdekeza yule mtoto, nepi hazimo kabisa. Jina likiwa na kitendo ndani yake likamate haraka, vitendo ndivyo vinavyotupiga chenga siku zote, majina ya vitu hata kwa kunyoosha kidole utaeleweka.

Fundi Redio
Mimi nipo na huyo jamaa aliyekucheka, ila nusu tu. Mengi mnayodhani ni Kiingereza siyo. Adidas ni Adi Dassler, Mjerumani, kakata jina lake na la ukoo akayaunga. Volkswagen ni Kijerumani pia, gari la wananchi. Samsung ni nyota tatu kwa Kikorea, Lego imetoka kwenye Kidenishi cha cheza vizuri, Nike ni mungu wa kike wa ushindi wa Wagiriki wa kale. Ford na Colgate ni majina ya ukoo tu. Kodak ndiyo kabisaa, George Eastman alilitunga tu halina maana yoyote. Na Subaru ni Kijapani cha Kilimia, zile nyota zilizosongamana, angalia nembo ya gari utaziona. Sasa mtu akikariri subaru ni nyota akaenda kuisema kwa Mwingereza si balaa hilo. Fungua kamusi kwanza, neno kama halimo achana nalo hata kama jina ni kubwa dunia nzima.

Gitaa_Bovu
Mmeng'ang'ania sabuni na mafuta wakati bendi ndiyo zina sarufi ndani. Rolling Stones ni mawe yanayobingirika, Talking Heads vichwa vinavyoongea, hapo ing umeshaielewa bila mwalimu. Destiny's Child, mwenye kitu anatangulia halafu kitu kinafuata, sisi tunaanza na mtoto wao wanaanza na mwenye mtoto. Red Hot Chili Peppers, sifa zote zimejazana mbele na pilipili yenyewe inakuja mwisho, sawa na hiyo Red Bull yako, sisi ni fahali mwekundu wao wanaanza na wekundu. Black Eyed Peas je? Kunde hizo jamani 😂 mnaimba nao miaka yote.
Ila tahajia zao usiziamini hata kidogo. Mdudu beetle anaandikwa na e mbili, Beatles waliweka a ili neno beat la mapigo ya muziki lionekane. Led Zeppelin waliitoa a kwenye lead ili watu wasilitamke kama lile la kuongoza. Def Leppard ni chui kiziwi, maneno yote mawili yameandikwa vibaya makusudi. Ukiandika hivyo kwenye barua ya kazi shauri yako.

Daftari_Limejaa
Hapo kwenye kunde nimecheka peke yangu. Sasa wakuu nikishajua maana nafanyaje lisirudi kuwa jina tu? Maana hata sasa nikisema Windows naona kompyuta, madirisha siyaoni.

Mama Kamusi
Liandike kwa herufi ndogo, tunga sentensi ambayo kampuni haipo. Please open the window, basi, kompyuta imeondoka. Kesho yake ligeuzegeuze, wingi, wakati uliopita. Mfano Bluetooth, limetokana na mfalme wa zamani wa Denmark, Harald, hilo ndilo lilikuwa jina lake la utani, ila wewe toa blue utabaki na tooth, na yakiwa mengi ni teeth, siyo tooths. Ukiishia kwenye jina la simu hiyo teeth huipati.

Fundi Redio
Na kama shida ni kazini basi usisahau maneno ya kwenye simu yako mwenyewe, share, delete, cancel, settings, save. Unayabonyeza kutwa nzima na ni vitendo karibu vyote, hayo mimi ningeyatanguliza kabla ya bendi yoyote.

Daftari_Limejaa
Shukrani sana wakuu, naanza na vitendo. La mwisho, Sprite ina maana au ni soda tu?

Gitaa_Bovu
Ipo, ni kijini kidogo cha kwenye hadithi. Kazini kwenu labda kwa yule anayeficha kalamu za watu.