Darasa la Kwanza, muhula wa kwanza: mtoto anasoma sauti badala ya majina ya herufi. Naomba walimu wanieleweshe

Mama Tunu, Kigamboni

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Binti yangu alianza Darasa la Kwanza mwezi Januari katika shule ya serikali, na sasa tunaelekea likizo fupi ya katikati ya muhula. Kila jioni hukaa naye tukapitia madaftari yake, lakini bado sijapata picha kamili ya mambo anayotakiwa kuwa ameyafahamu kufikia sasa.

Herufi hazitaji kwa majina tuliyokaririshwa sisi, yaani a, be, che, de. Akiiona m hufunga midomo na kuvuma, akiiona s hutoa sauti ndefu kama ya tairi linaloishiwa upepo, na nikimwambia kuwa hiyo ni "me" na ile ni "se", hunijibu kwamba mwalimu hataki waseme hivyo. Daftari la hesabu limejaa michoro ya vijiti vilivyofungwa mafungu mafungu, ilhali hesabu zenyewe za kujumlisha ni chache. Zaidi ya hayo, kuna siku anarudi na udongo wa mfinyanzi kwenye kucha, na nikimuuliza walisoma nini ananiambia walifinyanga vyungu.

Mtoto wa jirani yetu, aliye na umri uleule na anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, tayari ananakili sentensi nzima kutoka kitabuni, na kuna kijana hapa mtaani anayenishauri nimlipe ili amfundishe binti yangu jioni. Kabla sijafanya uamuzi huo, naomba walimu na wazazi wenye uzoefu mnieleze: muhula huu watoto wa Darasa la Kwanza wanafundishwa nini hasa, na mimi nimsaidieje bila kupingana na mwalimu wake?

Mwalimu wa Awali na Msingi, Morogoro

Mama Tunu, pokea salamu kutoka Morogoro. Ninafundisha Darasa la Kwanza, na kwa maelezo yako binti yako anafundishwa jinsi inavyotakiwa.

Tangu mwaka 2015, mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili umejengwa juu ya stadi tatu, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ambazo sote tunaziita KKK. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, haukuziondoa stadi hizo, bali umeongeza Kiingereza kuanzia Darasa la Kwanza, na pamoja nacho kuna kutunza afya na mazingira, na utamaduni, sanaa na michezo. Kwa hiyo binti yako ana mambo mengi ya kujifunza, lakini sehemu kubwa ya muda wake darasani ni ya KKK, na muhula huu wa kwanza kazi kuu katika kusoma ni kuoanisha sauti na alama yake.

Sababu ya kuacha majina ya herufi inaonekana vizuri mtoto anapoanza kuunganisha. Mwambie mtoto aliyekariri "me" na "a" aziunganishe harakaharaka, atakwambia "mea", na hana njia ya kujua kwamba tulitaka "ma". Lakini mtoto aliyezoea kuvuma kwa m na kisha kufungua kinywa kwa a, hujikuta ameshasoma "ma" mwenyewe, na akirudia mara ya pili amesoma "mama". Nimeona nyuso za watoto wakati huo unapofika, na ndio wakati ninaoupenda kuliko wowote katika mwaka wa kazi yangu.

Darasani kwangu ninaanza na masikio kabla ya macho. Ninataja maneno kama kuku, kiti na kaka, na watoto wananiambia ni sauti gani imeanza katika yote. Baadaye tunaingia kwenye irabu tano, kisha konsonanti chache chache. Mtoto akishakuwa na irabu zote pamoja na m, k na t tu, tayari anaweza kusoma taa, kiti, moto, kata, kaka na mama, yaani anasoma maneno ya kweli wakati bado hajakutana na nusu ya herufi. Silabi zenye konsonanti mbili au zaidi, kama mba, nda, nya na ng'o, huja baadaye, na wengine huziimarisha Darasa la Pili. Usishtuke pia akisoma "mtu" kama "mutu", kwa sababu m hiyo husimama kama silabi peke yake na inawachanganya watoto wengi.

Nyumbani, msaidie kwa jambo moja: zile sauti zinazoweza kuvutwa, kama m, n, s, f na l, zivuteni pamoja, lakini b, d, k, p na t zitamkwe kwa ufupi sana, bila kuziwekea irabu nyuma yake. Ukisema "bee" umerudi kwenye jina la herufi bila kujua.

Kuhusu udongo wa mfinyanzi, vidole vya mtoto wa miaka sita bado havina nguvu ya kushika penseli kwa muda mrefu. Anapofinyanga, anapokunja karatasi au anapochora duara na mistari ya wima na ya mlalo, anaimarisha vidole vilevile atakavyotumia kuumba herufi. Kule kunakili kwa mtoto wa jirani kusikutie wasiwasi, kwa maana wapo watoto wanaonakili sentensi nzima kwa mwandiko mzuri, lakini ukiwaonyesha neno moja ndani yake hawawezi kulisoma.

Baba Mwanahamisi, Tanga

Naheshimu maelezo ya mwalimu, ila naomba nitofautiane naye kidogo. Sisi tulifundishwa ba, be, bi, bo, bu kutoka kwenye chati ya ukutani, darasa zima tukiimba kwa sauti moja, na tulijua kusoma. Watoto wangu wawili wakubwa nao nimewafundisha hivyo hivyo nyumbani. Kiswahili kinasomwa kwa silabi, wala hakina ugumu wa lugha ambazo neno linaandikwa hivi na kutamkwa vile. Naona njia hii ya sauti mojamoja inamchelewesha mtoto bila sababu, na mzazi ambaye hajaelezwa anabaki akishangaa, kama anavyoshangaa Mama Tunu.

Bibi Mwalimu, mstaafu, Iringa

Wanangu, hamjambo. Nimefundisha madarasa ya chini hadi nilipostaafu, na nimetumia njia zote mbili mnazozizungumzia.

Baba Mwanahamisi, una haki kuhusu silabi, na chati yako haijatupwa. Ukiingia katika darasa lolote la kwanza utaikuta ukutani, maana baada ya sauti ni lazima mtoto afike kwenye silabi. Tofauti ni kwamba tulipoanza moja kwa moja na wimbo wa ba, be, bi, bo, bu, watoto walikuwa wakiimba mstari mzima huku macho yao yakitazama dirishani. Ulikuwa ukiwasikia unadhani darasa zima linajua kusoma. Mimi nilikuwa nikichukua fimbo ya kuonyeshea, ninaanza katikati ya mstari na kurukia mstari mwingine, bo, kisha ke, kisha mu; hapo ndipo ulipowaona waliojua na waliokuwa wakifuata sauti za wenzao. Wengi wa kundi la pili walifika madarasa ya juu hawajui kusoma, na tuliwaita wazito, jambo ambalo halikuwa haki yao, kwa sababu hakuna aliyewafundisha kwamba bo imetokana na sauti mbili.

Mtoto aliyepita kwenye sauti akakutana na silabi mpya kabisa, kwa mfano vu au zi, hana haja ya kusubiri mwalimu aiimbe. Anazo sehemu zake, ataiunda. Ndiyo maana ninasema wiki nyingi mnazoziona kama za kuchelewa mwanzoni mwa mwaka hulipwa muhula wa pili, wakati maneno yanapoanza kuja kwa wingi. Mama Tunu, kwa maoni yangu fedha ya masomo ya jioni mnunulie binti yako vitabu vya hadithi vyenye picha, na mkae mkisoma pamoja.

Mwalimu Mwenzenu, Shinyanga

Shikamoo Bibi Mwalimu. Naongeza jambo ambalo huku kwetu lina uzito, nalo ni lugha ya nyumbani. Watoto wengi ninaowapokea wamelelewa kwa Kisukuma, na Kiswahili wanakisikia kwa wingi kwa mara ya kwanza wanapofika shuleni. Kwao muhula wa kwanza una kazi mbili kwa wakati mmoja, yaani kujifunza lugha na kujifunza kuisoma. Haisaidii kumfundisha mtoto kusoma neno "kikombe" vizuri kabisa ikiwa hajui kikombe ni nini. Kwa hiyo ninatumia muda mwingi kuzungumza nao, kutaja vitu vilivyomo darasani na uwanjani, kuwasimulia hadithi fupi na kuwauliza maswali, kabla ya kudai chochote kutoka kwenye kitabu.

Kuna mambo ambayo lugha ya nyumbani inawapa faida. Sauti ya ng' inayowasumbua watoto wa maeneo mengine, wangu wanaitamka bila shida, kwa kuwa wanaitumia kila siku katika Kisukuma. Kinachobaki ni kuwaonyesha jinsi inavyoandikwa na kwa nini ile alama ya juu isisahauliwe. Darasa langu lina watoto wengi kuliko madawati, na siwezi kumsikiliza kila mmoja akisoma kila siku, jambo linaloniumiza sana. Mzazi anayekaa na mtoto wake jioni, kama afanyavyo Mama Tunu, anafanya sehemu ya kazi ambayo mwalimu wa darasa kubwa hawezi kuifikia hata akijitahidi namna gani.

Mpenda Hesabu, Dodoma

Wengine wamezungumzia kusoma. Mimi niseme kuhusu vile vijiti. Mafungu ya kumikumi ni msingi wa kila hesabu atakayofanya baadaye. Mwambie mtoto ambaye hajapitia mafungu aandike kumi na tatu, na mara nyingi ataandika 103, kwa sababu amesikia kumi akaandika 10, kisha akasikia tatu akaandika 3. Mtoto huyu amesikiliza vizuri kabisa. Hajajua tu kwamba ile 1 ya kushoto inasimama badala ya fungu zima. Akifunga vijiti kumi kwa uzi na kuweka vitatu pembeni, kisha akaandika fungu 1 kwenye makumi na 3 kwenye mamoja, kosa hilo huondoka lenyewe.

Vizibo vya soda vinafaa pia, ila havifungiki, kwa hiyo tafuta vijiti au mabua. Msimkimbize kwenye kujumlisha kwa kuandika mpaka aweze kukwambia, kwa kutazama tu, kwamba mafungu 2 na vijiti 5 ni 25.

Mama Tunu, Kigamboni

Nawashukuru sana nyote, na Bibi Mwalimu shikamoo. Jana jioni tulicheza mchezo wa kutafuta vitu vya jikoni vinavyoanza na sauti ya s, akaleta sufuria, sahani na sabuni, kisha akaniuliza kama sukari nayo inaingia. Masomo ya jioni nimeyaahirisha.

Nina swali moja la mwisho. Anachanganya b na d, katika kusoma na katika kuandika. Neno "baba" analiandika "dada" na hajui kama amekosea. Je, hili ni tatizo la kumpeleka kwa wataalamu?

Mwalimu wa Awali na Msingi, Morogoro

Kwa mtoto wa Darasa la Kwanza hilo ni jambo la kawaida. Kikombe ukikigeuzia mkono wake upande wowote kinabaki kikombe, na mtoto ameishi miaka sita akijua hivyo. Sasa herufi ndizo vitu vya kwanza anavyokutana navyo ambavyo upande unabadilisha kila kitu.

Usizifundishe mbili hizo kwa siku moja. Shika b peke yake hadi ikae, aiandike kwa kidole mchangani au hewani huku akiitamka, akianza na mstari wa wima kutoka juu kwenda chini kisha tumbo upande wa kulia. Ikishakaa ndipo muingie kwenye d, na hiyo aianze kwa tumbo kabla ya mstari, ili mkono wenyewe uzoee njia mbili tofauti. Akikosea, usifute. Mwambie asome alichoandika kwa sauti, umuulize kama ndilo neno alilotaka.

Ikiwa hali itaendelea hivyo hadi katikati ya Darasa la Pili, hapo mweleze mwalimu wake, kwa sababu katika darasa hilo kuna Upimaji wa Kitaifa wa KKK unaosimamiwa na Baraza la Mitihani, na ni vyema changamoto ijulikane mapema. Kwa sasa, siku ya kikao cha wazazi mwombe mwalimu akutajie sauti ambazo darasa limekwisha kujifunza, uzifanyie kazi hizo tu nyumbani. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana pia katika maktaba yao ya mtandaoni, kwa hiyo hata kama kitabu cha shule hakiruhusiwi kuja nyumbani, unaweza kukifungua kwenye simu na kumwonyesha ukurasa uleule aliousoma asubuhi.