Masomo ya Kijerumani kwa sauti: naelewa nikisikiliza, lakini mdomo haufunguki

Mdau_Nkuhungu

Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma, najifunza Kijerumani kwa masomo ya sauti, dakika 30 kila somo, na sasa niko somo la 14. Nikisikiliza naelewa karibu kila kitu. Shida inaanza zamu yangu ya kujibu ikifika: nusu ya sentensi iko tayari, nusu bado naitafuta, na yule wa kwenye rekodi ameshajibu. Nalenga mtihani wa A1, ule wa ngazi ya kwanza kabisa.

Naomba kujua: niendelee na somo la 15 au nirudi nyuma? Nifungue maandishi wakati nasikiliza au nisiyaguse kabisa? Na jambo la tatu, nayawekea maneno irabu zisizokuwepo. "Obst", yaani matunda, kwangu inatoka "obusti". Hili linatibiwaje?

Mwl_Chimwaga

Karibu sana mdau. Nianze na hilo la kwanza maana ndilo linalobeba mengine.

Katika somo la sauti, kinachofundisha kuongea ni ule ukimya mfupi kati ya swali na jibu. Maelezo na mazungumzo yanafundisha sikio. Ukimya ndio unaokulazimisha uchimbe neno mwenyewe bila kuletewa. Ukiupitisha kwa kusubiri, au ukijibu kimoyomoyo, umemaliza nusu saa nzima na mdomo haujafanya kazi hata dakika moja. Jibu kwa sauti kamili, ile ya kumwita mtu aliye chumba cha pili, na ujibu kabla ya rekodi. Ukimya usipokutosha, simamisha rekodi, maliza sentensi yako, kisha iachie iendelee. Ila usirudishe nyuma kila unapokosea. Ukirudisha mara tano, unachokisema ni mwangwi wa kitu ulichokisikia sekunde mbili zilizopita, kumbukumbu haijaguswa.

Kipimo cha kusonga mbele kwenye masomo ya mtindo wa Pimsleur, yaani haya ya kuulizwa na kujibu kwa sauti, ni takribani asilimia 80. Hesabu sehemu 20 za kujibu. Ukizipata 16 kabla ya rekodi, nenda somo linalofuata. Ukipata 12 au 13, rudia somo hilohilo kesho. Chini ya 10, tatizo haliko kwenye somo la leo, liko masomo matatu manne nyuma. Kwa maelezo yako ningekuanzisha upya la 10, ila safari hii kwa mdomo.

Paul Pimsleur mwenyewe alipanga ratiba ya kukumbushwa neno, mwaka 1967: baada ya sekunde 5, sekunde 25, dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, siku 5, siku 25, miezi 4, miaka 2. Hatua za mwanzo zimo ndani ya rekodi, ndiyo maana neno moja linaulizwa tena na tena. Kuanzia ile ya saa 5 ni kazi yako. Ukifanya somo saa 12 asubuhi, rudia dakika 10 za mwisho mchana, kisha kesho yake kabla ya somo jipya, kisha siku ya tano, kisha siku ya 25. Namba za masomo ziandike kwenye kalenda ya ukutani. Hapa ndipo wengi wanapopotezea: wanamaliza masomo 30 kwa mwezi, na la 5 limeshafutika.

Baada ya somo, chukua sentensi moja uipindepinde kwa dakika tano. Mfano: "Ich möchte einen Kaffee trinken", yaani nataka kunywa kahawa. Badili kinywaji: "einen Tee", "ein Wasser", "eine Cola". Umeona "einen" imebaki kwenye Kaffee na Tee tu? Hayo ni majina ya kiume, na kwa kitu kinachotendwa ni ya kiume peke yake yanayobadilisha kitangulizi, yaani kile kineno kinachokaa mbele ya jina. Sisi tuliozaliwa na ngeli hatupaswi kuogopa hili. Kiti kinavuta "kizuri", mti unavuta "mzuri", na hakuna anayelalamika. Hifadhi neno pamoja na kitangulizi chake, "der Kaffee", kama kitu kimoja.

Kisha tanguliza siku: "Heute möchte ich einen Kaffee trinken." Hapa Kiswahili kinakuvuta vibaya. "Leo nataka" inakufanya useme "Heute ich möchte", na hilo ni kosa. Kitenzi kinakaa nafasi ya pili daima katika sentensi ya kawaida. Ukitanguliza "heute", "ich" inaruka nyuma ya kitenzi. Irudie kwa "morgen", "um acht Uhr", "in Dodoma", mpaka mdomo uruke wenyewe.

Dada_AreaD

Mwalimu amemaliza upande wa kumbukumbu, mimi nije kwenye "obusti".

Hilo neno lina makosa matatu kwa pamoja. Kwanza umeongeza "u" na "i". Pili, b, d na g za Kijerumani zikiwa mwishoni mwa silabi hugeuka p, t na k: "Tag" ni "taak", "Hund" ni "hunt". Tatu, "o" yake ni ndefu. Neno zima ni silabi moja: "oopst".

Lijenge kutoka nyuma. Anza na "sss" kama tairi linalovuja upepo. Funga kwa t: "st". Weka p mbele: "pst". Hiyo unaijua tangu utotoni, ndiyo ile ya kumwita mtu njiani bila kutaja jina. Sasa "oo", halafu "pst". Weka kiganja kooni: koo litetemeke kwenye "oo" tu, kisha litulie kabisa. Likitetemeka tena mwishoni, irabu imeponyoka. Mara kumi polepole, mara kumi kwa kasi, na dawa hiyohiyo inatibu "Arzt", "Herbst" na "Angst".

Urefu wa irabu nao msiudharau, unabadili maana. "Staat" ni dola, "Stadt" ni mji. Ya kwanza ina "aa" kama ya "taa", ya pili ni fupi. "Ofen" ni tanuri, "offen" ni wazi. Konsonanti ikiandikwa mara mbili, irabu iliyo mbele yake ni fupi. Irabu ikifuatwa na h, ni ndefu.

Kuna jambo moja zuri ambalo lugha yetu imelihifadhi. Neno "hela" limetoka kwa "Heller", sarafu ya wakati wa Wajerumani. Tangu 1904 heller 100 zilikuwa rupia moja. Tazama masikio ya wazee wetu yalivyokuwa makini: hawakuchukua "heleri", walichukua walichokisikia. Sauti ya "-er" mwishoni mwa neno la Kijerumani inakaribia "a". Kwa hiyo "Wasser" ni "vasa", "Mutter" ni "muta", "Lehrer" ni "leera". Kila ukikutana na "-er" mwishoni, kumbuka hela. "Shule" nayo ni "Schule", ila kwao "u" inavutwa na "e" ya mwisho inasikika kwa mbali, imelegea.

Sauti ngeni si nyingi. Kwa "ü", sema "iii", ulimi usiutikise, viringa midomo kama unapiga mluzi. Kwa "ö", fanya vivyo hivyo kuanzia "eee". Usiipuuze: "schon" ni tayari, "schön" ni -zuri. "ch" ya "ach" ni kh ya "Khamis" inavyotamkwa Pwani. "ch" ya "ich" ni laini: nong'ona "hii" kwa nguvu, bakiza ile hewa ya mwanzo. Na "r", wengi wao huitoa nyuma kooni, jirani na gh ya "lugha", lakini r yetu ya ncha ya ulimi inaeleweka na wapo Wajerumani wanaoitumia. Kosa ni kuigeuza l, jambo ambalo huku kwetu kati linatokea sana. "Reise" ni safari. "Leise" ni kwa sauti ya chini.

Jirekodi kwa simu, sentensi sita tu, dakika moja. Siku ya upepo jifungie ndani, simu iwe shubiri moja kutoka mdomoni na kidogo pembeni, la sivyo "f" na "p" zinapuliza kipaza sauti na husikii kosa lako. Sikiliza vitu vitatu pekee: mwisho wa neno, urefu wa irabu, na mkazo. Sisi mkazo tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri. Wao kwa kawaida huuweka mwanzoni mwa mzizi: "ARbeiten", "verSTEhen".

Kaka_Ihumwa

Kuhusu maandishi: nashauri uyafungue baada ya kulisikiliza somo mara mbili, kabla ya hapo hapana. Sababu ni kwamba Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, na jicho letu limezoea hivyo. Ukiona "Zeit" kabla hujaisikia, utasema "zeiti" na itaganda hivyo. Yenyewe ni "tsait". z yao ni ts; s yao mbele ya irabu ni z yetu, "sieben" ni "ziiben". w ni v, v mara nyingi ni f, j ni y, "ei" ni "ai", "ie" ni "ii", "eu" ni "oi".

Mwl_Chimwaga

Nakubali kwa sehemu, kaka. Kwa somo jipya, ndiyo. Lakini mtu anayelenga mtihani asiishi bila maandishi, maana kuna kusoma na kuandika pia. Na kuna sauti ambazo sikio peke yake halizikamati: "den" na "dem" kwenye rekodi ya haraka zinafanana sana. Somo likishapita kipimo cha 80, lisome lote kwa sauti huku rekodi inacheza.

FundiSauti_Majengo

Upande wa mafaili. Somo la dakika 30 la MP3 kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni takribani MB 14.4, kwa 128 ni MB 28.8. Masomo 30 ni kama MB 432 au 864. Yapakue mara moja penye Wi-Fi, yaweke kwenye memori kadi, bando lisikusumbue tena. Hata kitochi chenye sehemu ya memori kadi kinacheza MP3.

Usishuke chini ya 64. Faili likibanwa sana, s, f na ch ndizo zinazokufa kwanza, na Kijerumani kimejaa hizo. Ukirushiana na mwenzako kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Zima ile mbwembwe ya besi, inafunika konsonanti. Somo jipya usilifanye ndani ya daladala. Mngurumo wa injini unameza miisho ya maneno, na pia huwezi kujibu kwa sauti. Humo sikiliza masomo ya zamani.

Programu ya VLC ina kurudia kipande kati ya alama A na B, na kupunguza kasi. Weka 0.8, usishuke zaidi, maneno yanaanza kuvutika. Mwenye kompyuta achukue Audacity, ni ya bure: fungua mazungumzo yoyote, baada ya kila sentensi chomeka ukimya wa mara moja na nusu ya urefu wake. Sentensi ya sekunde 4, ukimya sekunde 6. Ukifupisha unakimbizwa, ukirefusha, kichwa kinapata muda wa kutafsiri kutoka Kiswahili.

Mdau_Nkuhungu

Asanteni sana wakuu, shikamoo mwalimu. "Oopst" imetoka leo hii. Limebaki moja: saa. Kwenye rekodi wamesema "halb drei", nikaandika saa tatu na nusu. Na namba kama "siebenunddreißig" naandika 73.

Mwl_Chimwaga

Marahaba. "Halb drei" ni nusu ya kuielekea tatu: 2:30. Kwa saa yetu ni nane na nusu. Unapotoka Kijerumani kwenda Kiswahili unavuka mitego miwili kwa mkupuo, ule wa nusu na ule wa saa sita za tofauti, ndiyo maana unaanguka. Usipite kwenye Kiswahili. Tazama tarakimu za simu, 14:30, useme "halb drei" au "vierzehn Uhr dreißig" moja kwa moja.

Namba zao ni saba-na-thelathini. Ukisikia "sieben-und", acha nafasi ya tarakimu moja, andika 7, kisha rudi ujaze 3. Mazoezi yako barabarani: ukiwa kituoni, soma namba za magari kumi yanayopita. T 347 ni "dreihundertsiebenundvierzig".

Dada_AreaD

Nyongeza ya mtihani: Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani inayoutoa, iko Dar es Salaam. Alama za kufaulu ni 60 kati ya 100. Kusikiliza kuna maswali 15, na sehemu ya pili inachezwa mara moja tu, zilizobaki mara mbili. Kwa hiyo kwenye mazoezi usijizoeshe kurudia kila kitu. Kuongea ni kwa kikundi, kama dakika 15, bila muda wa kujiandaa: kujitambulisha, kuuliza na kujibu kwa kadi yenye neno, kisha kuomba kitu kwa adabu. Ukipata kadi ya "Brot", yaani mkate, chini ya mada ya manunuzi, uliza "Wo kaufen Sie Brot?", mkate unanunua wapi? Tumia "Sie", ndiyo heshima ya mtu mzima usiyemzoea, na ndiyo masomo mengi ya sauti yanaanza nayo.

Watakuambia pia utaje neno herufi kwa herufi, mara nyingi jina lako au unapoishi. Zoea kuanzia leo: "Ich wohne in Nkuhungu. En, kaa, uu, haa, uu, en, gee, uu."