Treni ya Syokimau hadi mjini, kwa mama mwenye mkongojo

Assalam aleikum ndugu zangu. Nipo Malindi, wiki ijayo nampeleka mamangu kliniki Nairobi. Basi la usiku haliwezi tena. Safari iliyopita alishuka miguu imevimba hata viatu havimwingii, nikambebea mkononi. Safari hii tumekata SGR, treni ya mchana kutoka Miritini, Mombasa. Itatushusha Syokimau, na hapo kuna treni nyingine ya kuingia stesheni kuu mjini. Nimeuliza makondakta hapa stendi, kila mmoja ana lake.

Mlioipanda hiyo ya Syokimau kuingia mjini, ngazi zake ni za juu sana kwa mtu wa mkongojo, au nitafute teksi tu? Na tutoke Malindi saa ngapi, tukihesabu foleni ya Mtwapa na daraja la Nyali?