Alenki zipi za kununua kwa matengenezo ya baiskeli nyumbani?

MpandaMlima: Wakuu, nataka alenki (funguo za pembe sita) za nyumbani, nimechoka kumfuata fundi kila kitu kikilegea. Kariakoo nimeona aina tatu: za L zenye ncha ya duara, za kukunja, na za mpini wa T. Ipi bora? Kesho nashuka mjini.

FundiIlala: Baiskeli gani? Bajeti? Kama ni Phoenix, achana na alenki, nunua spana za kawaida.

DadaGia: Pia useme breki. Disiki za bolti sita nyingi zinafungwa kwa ufunguo wa nyota, saizi T25, alenki haifungui.

MpandaMlima: Ni ya gia, fremu ya aluminiamu, breki za disiki.

DadaGia: Basi chukua za L, kuanzia milimita 2 hadi 8. Ya 4 na 5 ndizo utazitumia kila wiki. Mimi natumia za kampuni ya Bondhus na sibadilishi.

Kaskazi77: Usinunue zisizo na jina, nakuomba. Shemeji yangu alipata seti ya bei chee barabarani. Ile ya 5 ilikuwa inacheza kwenye bolti ya kibano cha siti. Akakaza, ikateleza, kuangalia kona za alenki zimelika na tundu la bolti limekuwa mviringo. Siti ikawa inashuka akiwa njiani. Fundi akagongea nyota T30 kwa nyundo apate pa kushika, ikagoma. Ikabidi atoboe kwa drili, na kibano chenyewe kikaharibika. Alitafuta kingine cha kipenyo kile mpaka akakata tamaa, baiskeli ikakaa ukutani.

FundiIlala: Huenda ilikuwa ya inchi. Ya 3/16 ni milimita 4.76, inaingia kwenye tundu la 5 lakini haijai. Soma maandishi kabla ya kulipa.

Mtembezi_Tanga: Mpini wa T ndio raha, unazungusha haraka.

DadaGia: Raha ndiyo, ila unakaza kupita kiasi bila kujua. Bolti za usukani nyingi ni Nm 5 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Na ile ncha ya duara ni ya kuzungushia kwa pembeni, ukifika kukaza geuza utumie upande mfupi.

Mtembezi_Tanga: Miaka yote nakaza kwa mkono, sijavunja kitu.

DadaGia: Kwa chuma sawa. Kwenye kaboni, hapana kaka.

Kaskazi77: Za kukunja zibaki kwenye begi la safari. Pedali iliyoganda huing'oi nazo, mkono mfupi.

Mtembezi_Tanga: Pedali ya kushoto uzi wake ni wa kinyume, wengi hung'ang'ania upande usio wake.

FundiIlala: Na grisi muhimu, mkono wa pedali ukiwa aluminiamu. Bila grisi zinashikana.

MpandaMlima: Yangu ya kushoto inalia kila nikikanyaga. Ni grisi au beringi?

FundiIlala: Inalia ukikaa au hata ukisimama? Na bajeti bado hujataja, mkuu.