Kampala hadi Mbarara kwa baiskeli, Novemba, mvua juu: tujipange vipi?

Mratibu_Kla
Wadau, salaam. Tuko waendeshaji 24, tunatoka Kampala kwenda Mbarara wiki ya pili ya Novemba kuchangisha fedha za matangi ya kuvuna maji ya mvua kwa shule moja ya msingi. Ni kilomita 270 hivi, lami mwanzo hadi mwisho. Baiskeli ni mchanganyiko: 10 za gia zenye rimu za alumini, 6 za breki za diski, na 8 zile nyeusi za kawaida, rimu za chuma. Gari ni pikapu moja. Wachangiaji wengi wameahidi kwa kilomita, shilingi 500 kwa kila kilomita ambayo kila mwendeshaji atamaliza. Naomba kujua: siku mbili au tatu? Mvua kubwa ikitukuta Lwera, kwenye kile kinamasi cha njiani, tufanyeje? Na vipuri tubebe vipi na vingapi?

Gia_Ndogo
Siku tatu, lakini hata hapo siku ya kwanza haitoshi mkianzia mjini. Piga hesabu kwa baiskeli nyeusi, kwa sababu kundi huenda kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa. Kwenye mvua zinakwenda kilomita 15 kwa saa. Kampala hadi Masaka ni kama 130, yaani karibu saa 9 bila kusimama. Mvua za radi za nchi kavu hupenda kuanza mchana ardhi ikishapata joto, kwa hiyo lengo ni kuwa mmefika saa 8 mchana. Mkitoka saa 12 na nusu asubuhi, kunapokucha, mnazo saa 7 na nusu tu.

Pigeni picha zenu Kampala, kisha pakieni baiskeli kwenye lori hadi Mpigi na mwanzie hapo. Zinabaki kilomita 95 hivi, na mmeukwepa msongamano wa asubuhi. Siku ya pili Masaka hadi Lyantonde, siku ya tatu Lyantonde hadi Mbarara. Kila kipande ni kilomita 70 na kitu. Angalizo moja: ukanda huu wa ziwa Victoria hupata pia ngurumo za alfajiri, zile zinazozaliwa ziwani usiku na kusogea nchi kavu. Kabla ya kutoka Mpigi tazameni anga la upande wa ziwa, msiitegemee simu peke yake.

Lwera sasa. Uamuzi hufanyika Kayabwe, pale kwenye Ikweta, si ndani ya kinamasi. Ukishaingia, hadi mji wa Lukaya ni wazi pande zote: upepo wa ubavuni, malori, hakuna nyumba ya maana, na wewe ndiye kitu kirefu kuliko mafunjo. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10: hamwingii. Subirini dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya. Jikingeni kwenye jengo imara la kuta au ndani ya gari lililofungwa madirisha. Chini ya mti hapana. Kibanda cha mabati nacho hapana: Novemba 2024 huko Palabek, wilaya ya Lamwo, radi iliua watu 14 waliokuwa wamekusanyika kwa ibada chini ya mabati. Na asiwadanganye mtu kwamba tairi za mpira zinakinga.

Tena ulizeni hali ya barabara siku mbili kabla. Mto Katonga ukifurika, njia inaweza kukatika kabisa, kama Mei 2023 daraja lilipoharibika na magari yakapelekwa Mpigi–Kanoni–Sembabule–Villa Maria. Njia hiyo ni ndefu zaidi, kwa hiyo ikitokea hivyo ratiba yote inabadilika.

Fundi_Spoku
Mimi nitasema breki, kwa sababu hapo ndipo watu watavunjika.

Rimu ya chuma iliyolowa haishiki. Raba ya breki inateleza juu ya maji, na chuma kile laini hakiyakwangui kama alumini inavyofanya. Hizo 8 nyeusi, mkizipeleka zilivyo, zitashuka miteremko zikiwa hazina breki. Suluhisho zuri ni kubadilisha gurudumu la mbele tu, kuweka rimu ya alumini na breki ya waya. Haiwezekani? Basi wenye baiskeli hizo washuke kwa miguu kila mteremko mkali. Hakuna aibu.

Rimu za alumini: gusa breki kidogo mizunguko miwili mitatu kabla ya pale unapotaka kusimama, ili raba zifute maji kwanza. Kila jioni toa raba, chomoa kwa ncha ya kisu vipande vya mchanga na alumini vilivyojichimbia ndani. Vikibaki vinakula rimu. Diski hushika vizuri mvuani, ila matope huzimaliza pedi upesi, na tone moja la mafuta ya cheni likigusa diski basi pedi hizo zimekwisha.

Vipuri kwa watu 24: kila mtu tyubu mbili za saizi yake mwenyewe, mfukoni mwake, na nyingine 10 kwenye pikapu. Raba za breki pea 12, pedi za diski pea 6 (za aina ile ile, hazilingani zote), waya za breki 8, spoku 20 za urefu uliopimwa, kifaa cha kufungulia friwili (yale meno ya gurudumu la nyuma yanayoshika cheni). Hicho cha mwisho watu husahau. Spoku hukatika zaidi gurudumu la nyuma, upande wa friwili, na bila kuitoa friwili huingizi mpya. Pampu mbili za mguu.

Pancha mvuani: usibandike kiraka, badilisha tyubu. Solushani, ile gundi ya viraka, haishiki mpira wenye unyevu. Kiraka ni kazi ya jioni: msasa, solushani, subiri dakika 5 ikauke, ndipo ubandike. Na kabla ya kuweka tyubu mpya pitisha kitambaa ndani ya tairi kutafuta kipande cha glasi. Maji hulainisha glasi ikapenya mpira kwa urahisi, ndiyo maana pancha huongezeka mvua ikinyesha.

Cheni: mafuta mazito ya mnyororo, tone moja kwa kila kiungo, kisha futa ya nje yote. Oili ya injini iliyotumika inabeba mchanga, msiitumie hata mkipewa bure.

Nnyabo_wa_Masaka
Nakubaliana na ndugu zangu, ila mmeacha lililo hatari kuliko yote: hiyo ahadi ya shilingi 500 kwa kilomita. Mtu akijua kwamba kusimama Kayabwe kunailia shule fedha, hatasimama. Na hizo kilomita 35 za kwenda Mpigi kwa lori nani atazilipia? Rudini kwa wachangiaji sasa hivi, mwombe ahadi igeuzwe kiasi kimoja kwa mwendeshaji anayejitokeza kuanza, afike au asifike. Wengi hukubali ukiwaeleza sababu.

La pili, baridi. Asubuhi yenye mvua, nguo imelowa, mteremko na upepo: mtu anatetemeka, kisha vidole vinashindwa kubana breki, kisha maneno yanakuwa mazito mdomoni. Akifikia vidole, ashuke. Vua nguo zilizolowa, mfunike blanketi kavu, chai ya moto yenye sukari nyingi. Waragi, au pombe kali yoyote, usimpe hata akiomba. Hupeleka damu kwenye ngozi na joto la mwilini likatoka. Kila mtu aweke seti kavu ya nguo kwenye kavera (mfuko wa plastiki) lililofungwa fundo, na yakae kwenye pikapu chini ya turubai.

Chakula: kila saa bogoya (ndizi mbivu) mbili au nusu ya roleksi (chapati iliyoviringishwa na mayai), na nusu lita ya maji. Mvuani watu hawahisi kiu, wanaishia kuchoka bila kujua kwa nini.

Mratibu_Kla
Asanteni sana. Ahadi nitazifuatilia leo. Mpangilio barabarani je? Na pikapu moja inatosha?

Gia_Ndogo
Haitoshi. Kodini teksi ya abiria 14 iwe makazi ya waliolowa na kimbilio la radi. Pikapu ina viti vichache, na nyuma iko wazi. Moja ikae mbele kilomita 2 kuripoti mvua na mashimo, nyingine nyuma kabisa, taa za tahadhari zimewashwa.

Waendeshaji: vikundi vitatu vya wanane, mstari mmoja, mita 200 kati ya kikundi na kikundi ili lori lipate pa kurudi ndani likiwapita. Kati ya baiskeli na baiskeli acheni urefu wa baiskeli tatu, kwenye mteremko mita 20. Msikanyage mistari ya rangi wala dimbwi ambalo hamwoni chini yake. Ukingo wa lami nao umekatika mahali pengi, mtu akishuka bila kutaka asilazimishe kupanda kwa pembe kali. Apunguze mwendo kwanza, asimame, apandishe baiskeli kwa mkono. Mvua ya kwanza baada ya siku kavu ndiyo inayoteleza zaidi, dakika 20 za mwanzo, vumbi na oili vikiwa havijasombwa.

Upepo wa tairi punguzeni kidogo, kama psi 10 chini ya kawaida yenu. Hizo nyeusi ziacheni kama zilivyo, maana zinabeba uzito mkubwa kwa upepo mdogo tayari.

Fundi_Spoku
Na hizo 8 zileteni zikaguliwe wiki mbili kabla, si usiku wa kuamkia safari. Kufuma upya magurudumu manane ni kazi ya siku mbili.