Tuzo (uamuzi) ya CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, imefutwa na Mahakama Kuu: Tume bado ina mamlaka ya kusikiliza upya?

Mwanjelwa_1:
Wakuu, naomba msaada. Mahakama Kuu hapa Mbeya imefuta mwenendo (kumbukumbu za usikilizwaji) na tuzo ya CMA kwenye mgogoro wa kuachishwa kazi, ikaamuru jalada lirudi lisikilizwe upya na mwamuzi mwingine. Mwajiri anadai Tume ilishamaliza kazi yake, kwa hiyo mfanyakazi ajaze F.1 (fomu ya kufungua mgogoro) mpya, na siku 30 za kuifungua tangu kuachishwa kazi zimeshapita. Ni kweli?

Uyole_Sheria:
Si kweli, mkuu. Tume ikishatoa tuzo kwa kawaida haiwezi kulifungua shauri yenyewe, ila mahakama inaweza kuirudishia. Kifungu cha 91(4) cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kiko wazi: mahakama ikifuta tuzo, inaweza kuamua mgogoro yenyewe au kuelekeza utaratibu wa kuumaliza. F.1 ya awali ndiyo inayoendelea, na siku 30 zinapimwa kwa hiyo. Mwajiri hakuridhika? Aende Mahakama ya Rufani, na huko ni hoja za kisheria tu.

Kihesa_HR:
Msome amri yenyewe, msiende kwa kusimuliwa. Ikifutwa tuzo peke yake, ushahidi unabaki na mwamuzi anaweza kuelekezwa kuandika tuzo nyingine. Ukifutwa na mwenendo, mashahidi wanaanza upya. Na kama shauri lilianguka kwa sababu F.1 ilichelewa, hapo ndipo unarudi kuomba kuongezewa muda kwa F.2 (fomu ya maombi hayo). Hiyo ndiyo mwajiri anaichanganya, pengine makusudi.

Mwanjelwa_1:
Shahidi wetu kahamia Makambako. Maelezo yake ya zamani hayatumiki?

Uyole_Sheria:
Hayatumiki, mwenendo umefutwa. Mwombeni mwamuzi amwite kwa hati ya wito, mapema. Chukueni nakala ya amri iliyothibitishwa, mpeleke CMA kwa barua, na mhakikishe jalada limeshuka kutoka mahakamani, maana vielelezo halisi mara nyingi vinabaki humo. Vitolewe na kupokelewa upya, kimoja kimoja.

Siku ya kusikilizwa angalieni mambo mawili: kila shahidi aape kabla hajafungua mdomo, na mwamuzi asaini mwisho wa ushahidi wa kila mmoja. Mahakama ya Rufani imeshafuta mienendo ya CMA kwa kukosekana kwa hayo. Mwamuzi akisahau, mkumbusheni palepale, iandikwe kwenye mwenendo, hata kama mnaona mnashinda.